Mao Zedong: nani adui, nani ndugu?

Mwaka 1937 kiongozi wa Wakomunisti wa China aliwafundisha makada wake falsafa ya mkinzano. Miaka 20 baadaye falsafa hiyo hiyo ikawa kipimo cha kuamua nani asikilizwe na nani apelekwe kambini.

Katika majira ya joto ya mwaka 1937, katika mji wa Yan'an, kaskazini-magharibi ya China, mwanamume mmoja mrefu wa umri wa miaka 43 alikuwa akitoa mihadhara ya falsafa. Nchi ile ni ya vilima vya udongo wa manjano, na wenyeji wengi waliishi katika mapango yaliyochimbwa ubavuni mwa vilima hivyo. Waliomsikiliza walikuwa makamanda na makada wa chuo cha kijeshi na kisiasa cha Wakomunisti. Baadhi yao walikuwa wamenusurika Safari Ndefu ya 1934 na 1935: waliondoka kusini watu zaidi ya 80,000, na waliofika kaskazini walikuwa takriban mmoja katika kila kumi.

Mhadhiri huyo alikuwa Mao Zedong, na mada yake ilikuwa mkinzano.

Katika mazungumzo ya kila siku mkinzano ni dosari. Shahidi akisema hili asubuhi na kulikana jioni, hakimu humtilia shaka. Katika falsafa ya Kimarx neno hilo lina maana nyingine kabisa. Mwanafalsafa wa Kijerumani Hegel, aliyefariki mwaka 1831, alifundisha kwamba fikra husonga mbele kwa sababu ya mvutano uliomo ndani yake. Karl Marx alilichukua wazo hilo na kulishusha hadi kiwandani na shambani. Tajiri mwenye kiwanda hawezi kuwa tajiri bila kibarua, na kibarua hapati ujira bila tajiri. Wanahitajiana, na papo hapo faida ya mmoja hutoka katika jasho la mwingine. Mvutano huo haukuletwa na mchochezi kutoka nje. Umo ndani ya uhusiano wenyewe, na ndio unaousukuma hadi ubadilike.

Marx hakuacha kitabu mahsusi juu ya jambo hili. Rafiki yake Friedrich Engels alijaribu kulipanga. Lenin, akiwa uhamishoni Uswisi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alisoma mantiki ya Hegel mjini Bern na kujaza madaftari yaliyokuja kuchapishwa baada ya kifo chake. Lakini yaliyomfikia Mao yalitoka zaidi katika vitabu vya kiada vya Kisovieti vilivyotafsiriwa kwa Kichina, ambavyo pambizo zake alizijaza maandishi ya mkono wake.

Mtoto wa mkulima

Mao alizaliwa tarehe 26 Desemba 1893 katika kijiji cha Shaoshan, jimbo la Hunan. Baba yake alianza maisha akiwa na madeni, akajibana hadi akawa mkulima wa kujiweza na mfanyabiashara wa nafaka. Mama yake alikuwa mfuasi mwaminifu wa dini ya Buddha. Kijana huyo aligombana na baba yake tangu utotoni: juu ya kazi za shamba, juu ya vitabu, juu ya mke aliyechaguliwa na wazee, ambaye Mao hakukubali kuishi naye. Waandishi kadhaa wa maisha yake wameuona ugomvi huo kuwa chimbuko la siasa zake. Huenda huko ni kuutwika mzigo mkubwa kuliko uwezavyo kuubeba. Hunan haikukosa wana waliogombana na baba zao, na wengi wao hawakupindua dola yoyote.

Kilicho wazi zaidi ni usomaji wake. Katika chuo cha ualimu cha mjini Changsha, alikohitimu mwaka 1918, alisoma kitabu cha maadili cha Mjerumani Friedrich Paulsen na kukijaza maelfu ya maneno pambizoni, akikubali hapa na kubisha pale. Tabia hiyo ya kusoma kwa kugombana na kitabu haikumtoka hadi uzeeni. Baadaye alifanya kazi ndogo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Peking, chini ya Li Dazhao, mmoja wa Wachina wa kwanza kuueneza Umarx. Julai 1921 alikuwa miongoni mwa wajumbe wachache waliokutana Shanghai kuunda Chama cha Kikomunisti cha China.

Mwanzoni mwa mwaka 1927 alirudi vijijini Hunan, akawaona wakulima maskini wakiwaburuta wenye ardhi barabarani, na akaandika ripoti ya kuwatetea wakati viongozi wenzake wakiona haya. Aprili mwaka huo Chiang Kai-shek, mkuu wa chama cha Kuomintang, aliwageukia washirika wake wa Kikomunisti na kuwaua kwa wingi mjini Shanghai. Novemba 1930 utawala wa Kuomintang mjini Changsha ulimwua Yang Kaihui, mke wa Mao na binti wa mwalimu wake wa zamani, baada ya kukataa kumkana mumewe. Wakati huo Mao alikuwa milimani pamoja na mwanamke mwingine.

Hoja ya Yan'an

Mambo hayo yanafaa kukumbukwa na kila anayetaka kuelewa mihadhara ya 1937 ilikuwa na uzito gani. Desemba 1936 Chiang alikuwa ametekwa mjini Xi'an na majenerali wake mwenyewe, waliomtaka aache kuwapiga Wakomunisti na badala yake awapige Wajapani. Julai 1937 Japani ilianza vita kamili. Wakomunisti walikuwa wakiombwa kusimama bega kwa bega na mtu aliyewachinja ndugu na wake zao. Kada yeyote aliyekuwa na kumbukumbu angeuliza: adui wetu ni nani hasa?

Mao alijibu kwa falsafa. Kila kitu, alifundisha, kina mikinzano mingi ndani yake, lakini kwa wakati mmoja kuna mmoja ulio mkuu, na mingine huufuata. Katika kila mkinzano nao, upande mmoja ndio wenye nguvu, na pande hizo hubadilishana nafasi. Kazi ya mwanamapinduzi si kukariri kwamba mabepari na wafanyakazi hupingana. Kazi yake ni kuchunguza hali ilivyo na kuutambua mkinzano mkuu wa saa ile. Japani ilipovamia, mkinzano kati ya China na mvamizi ulipanda juu, na ule kati ya mkulima na mwenye ardhi ukashuka chini bila kutoweka. Kwa hiyo chama kiliacha kwa muda kunyang'anya mashamba, kikaridhika na kupunguza kodi ya ardhi na riba.

Alisisitiza pia kwamba chanzo cha mabadiliko kimo ndani ya kitu, na yaliyo nje huwa sharti tu. Joto hulitoa yai kifaranga, lakini jiwe hata ulipashe joto namna gani haliwi kuku. Mfano huo ni wa kijijini kabisa, na ulieleweka.

Haya hayakuwa katika vitabu vya Moscow kwa namna hiyo. Vile vilikuwa na kanuni za jumla. Mao alizigeuza kuwa chombo cha kamanda anayetazama ramani. Ndiyo sababu wasomi waliokuwa mbali sana na Yan'an walivutiwa. Mwaka 1962 mwanafalsafa Louis Althusser wa Paris aliandika insha mashuhuri juu ya mkinzano, akiegemea kwa sehemu maandishi hayo ya Mao ili kupinga wale waliodhani kwamba uchumi peke yake hueleza kila kitu.

Insha ya Mao juu ya mkinzano ilichapishwa rasmi mwaka 1952 baada ya kufanyiwa masahihisho, na wataalamu wamebishana sana ni kiasi gani cha maneno yake kilisemwa kweli mwaka 1937. Sehemu ya mwisho inahusu uhasama. Humo Mao anaeleza kwamba si kila mkinzano lazima uishie katika uadui. Hitilafu ndani ya chama, kati ya wandugu, hutatuliwa kwa hoja, isipokuwa pale mwenye kosa anapong'ang'ania na kulizidisha. Sharti hilo dogo lilikuja kuwa mlango mpana.

Wa kwanza kupita katika mlango huo hakungoja sana. Machi 1942 Wang Shiwei, mwandishi na mfasiri aliyeishi Yan'an, alichapisha makala katika gazeti la chama akihoji kwa nini wakubwa wanakula na kuvaa kwa daraja tofauti na wadogo. Alishutumiwa katika mikutano ya siku nyingi, akafungwa mwaka uliofuata, na mwaka 1947 akauawa. Wakuu wa China walimwondolea hatia mwaka 1991, miaka 44 baadaye.

Maua mia moja na makatazo sita

Oktoba 1949 Mao alitangaza kuundwa kwa Jamhuri ya Watu wa China. Swali la adui na ndugu sasa lilikuwa mikononi mwa dola yenye polisi, mahakama na magereza.

Mwaka 1956 ulikuwa wa mtikisiko kwa Wakomunisti duniani kote. Februari, Nikita Khrushchev alifichua maovu ya Stalin. Vuli ile wananchi wa Hungary waliinuka dhidi ya chama kilichodai kuwawakilisha, na vifaru vya Kisovieti vikawazima. Septemba, mkutano mkuu wa nane wa chama cha China ulitamka kwamba mapambano ya matabaka kwa sehemu kubwa yamekwisha, na kwamba mkinzano mkuu sasa ni kati ya mahitaji ya wananchi na uchumi ulio nyuma. Kwa lugha nyepesi: adui ni umaskini.

Tarehe 27 Februari 1957 Mao alihutubia kwa saa kadhaa mbele ya watu zaidi ya 1,000 mjini Beijing. Hotuba hiyo pengine ndiyo iliyokuwa ya kijasiri kuliko zote alizowahi kutoa. Alikiri kwamba hata chini ya ujamaa serikali na raia hukinzana, kwamba migomo hutokea, kwamba urasimu huzaa kero. Alitenganisha mikinzano kati ya wananchi na adui, ambayo hukatwa kwa nguvu, na mikinzano miongoni mwa wananchi wenyewe, ambayo dawa yake ni mjadala na kusadikishana. Kanda za hotuba zilisikilizwa na makada na wasomi. Walihimizwa waseme, na maua mia moja yachanue.

Hapo ndipo mkasa wa wahariri unapoanza. Deng Tuo, mhariri mkuu wa gazeti la chama, Gazeti la Umma, alisita kuichapisha hotuba ambayo hakuwa amepewa maandishi yake rasmi. Mhariri wa gazeti la chama hujifunza mapema kwamba kuchelewa kosa lake ni dogo kuliko kuwahi. Safari hii ilikuwa kinyume: Aprili Mao alimwita na kumkaripia vikali kwa kukaa kimya, na punde akaondolewa madarakani.

Waliosema nao hawakunusurika. Chu Anping, aliyekuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa uhariri wa gazeti la Guangming, alisimama Juni mosi na kulalamika kwamba chama kimeifanya nchi nzima kuwa mali yake, hata katika kila ofisi mkubwa lazima awe mwanachama. Wiki moja baadaye Gazeti la Umma lilitoa tahariri iliyoashiria kuanza kwa msako. Tarehe 19 Juni hotuba ya Februari hatimaye ilichapishwa, lakini ikiwa na nyongeza ambayo waliosikiliza kanda hawakuisikia: vigezo sita vya kutofautisha ua lenye harufu nzuri na gugu lenye sumu, viwili vikubwa vikiwa kutopinga njia ya ujamaa na kutopinga uongozi wa chama.

Mtu alikuwa amealikwa kucheza, na kanuni za mchezo zikaandikwa baada ya kipenga cha mwisho.

Watu zaidi ya 550,000 walipachikwa jina la wafuasi wa mrengo wa kulia. Walimu, wahandisi, madaktari, waandishi. Wengi walipelekwa kwenye kazi za sulubu mashambani au makambini, na wake na waume walishinikizwa kuachana nao. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama Mao alitega mtego tangu mwanzo au alishtushwa na ukali wa maneno aliyoyaomba. Kwa waliopelekwa makambini tofauti hiyo haikuwa na faida. Katika falsafa yenyewe hakuna kilichovunjwa. Mgawanyo wa aina mbili za mikinzano ulibaki palepale. Kilichohama ni mpaka, na aliyekuwa na ruhusa ya kuusogeza alikuwa mmoja.

Kabla ya mwaka kwisha, Mao aliitupa pia kauli ya mkutano mkuu wa nane. Mkinzano mkuu, alishikilia sasa, bado ni kati ya tabaka la wafanyakazi na mabepari.

Katika hali hiyo ya watu kufunga midomo ndipo mwaka 1958 ulipoanza Mruko Mkubwa wa Mbele. Wakulima walikusanywa katika komuni, sufuria zikayeyushwa katika tanuri za uani, na viongozi wa wilaya wakashindana kutangaza mavuno ambayo hayakuwapo. Dola ilichukua nafaka kwa hesabu ya mavuno hayo ya uongo. Makadirio ya waliokufa kwa njaa hadi mwaka 1961 yanatofautiana, kutoka milioni 15 hadi zaidi ya milioni 40. Waziri wa Ulinzi Peng Dehuai, mtoto wa maskini wa Hunan na mwenzake Mao tangu milimani, alimwandikia barua ya faragha Julai 1959 kueleza makosa yaliyofanyika. Barua hiyo iligawiwa kwa wajumbe wa kikao cha Lushan, na Peng akahukumiwa kuwa mpinga chama. Alifariki mwaka 1974 akiwa kizuizini.

Moja kuwa mbili

Kisa cha mwaka 1964 kinaonyesha kuliko vyote jinsi falsafa ilivyokuwa imegeuka suala la polisi. Yang Xianzhen, msomi aliyeishi miaka mingi Umoja wa Kisovieti, alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha chama. Aliwaeleza wanafunzi kwamba umoja wa vinyume maana yake pia ni kwamba pande mbili haziwezi kutenganishwa, kwamba viwili huungana na kuwa kimoja. Mao alikuwa akisisitiza upande wa pili wa kanuni hiyo: kimoja hugawanyika na kuwa viwili.

Kwa mwanafunzi wa Hegel hizi ni nusu mbili za sentensi moja. Mwezi Mei makala ya kuunga mkono mawazo ya Yang ilitoka katika gazeti la Guangming, na kwa miezi kadhaa magazeti ya China yalijaa mamia ya makala za kumponda. Aliyesema viwili huungana alisomwa kama anayetaka suluhu na Moscow, na mabepari, na wenye ardhi. Yang alipoteza cheo, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni akafungwa kwa miaka kadhaa.

Mapinduzi hayo yalitangazwa Mei 1966. Deng Tuo, yule mhariri, alishambuliwa kwa makala fupi za kihistoria alizowahi kuziandika katika gazeti la jioni la Beijing, na mwezi huo huo alijiua. Chu Anping alitoweka mwaka huo, na maiti yake haikuonekana kamwe. Liu Shaoqi, Rais wa nchi, ambaye kijitabu chake juu ya mwenendo mwema wa mwanachama kiliwahi kusomwa na chama kizima, alifukuzwa chamani na kufia kizuizini Kaifeng, Novemba 1969.

Mbali na China, maandishi ya Mao yalisomwa bila kelele hizo. Kijitabu chekundu kilitafsiriwa kwa Kiswahili na kuchapishwa Beijing. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyeitembelea China kabla ya uhuru wa Zanzibar, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa Mashariki waliomfahamu Mao ana kwa ana. Katika miaka ya 1970 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Issa Shivji na mwanasheria wa Uganda Dani Nabudere, walibishana kwa ukali kama mkinzano mkuu wa nchi zao ni ubeberu wa nje au tabaka la watawala wa ndani. Swali lilikuwa lile lile la Yan'an, na halikuwa la kitaaluma tu, kwani jibu lake lilikuwa linaigusa serikali iliyowalipa mishahara.

Mao mwenyewe, akiwa mzee na mgonjwa, aliitumia tena hesabu yake ya 1937. Baada ya majeshi ya China na ya Kisovieti kupigana mpakani, kwenye mto Ussuri, mwaka 1969, Moscow ilipanda kuwa hatari kuu na Washington ikashuka. Februari 1972 alimkaribisha Rais Richard Nixon nyumbani kwake Beijing. Miaka miwili baadaye, akizungumza na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, aliigawa dunia katika tatu. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa China, ilikabidhiwa Julai 1976.

Mao alifariki tarehe 9 Septemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 82. Kabla ya mwezi kwisha tangu kifo chake, mjane wake Jiang Qing na washirika wake watatu walikuwa wamekamatwa.

Mwaka 1981 chama kilitoa azimio lililoyaita Mapinduzi ya Utamaduni kosa kubwa, na likarejesha kwa maneno mengine tamko la 1956: mkinzano mkuu ni kati ya mahitaji ya wananchi na uzalishaji ulio nyuma. Oktoba 2017, katika mkutano mkuu wa 19, Xi Jinping alitangaza kwamba mkinzano mkuu umebadilika tena, na sasa ni kati ya maendeleo yasiyo na uwiano wala utoshelevu na hamu ya wananchi ya maisha bora. Wajumbe walilipitisha tamko hilo pasipo mjadala wa hadhara.

Karibu wote waliopachikwa jina la mrengo wa kulia mwaka 1957 walisafishwa majina baada ya mwaka 1978. Wachache mno waliachwa, ili msako wenyewe uendelee kuhesabiwa kuwa ulikuwa wa haki ila ulipita kiasi. Mmoja wa walioachwa ni Chu Anping, mhariri wa Guangming.